Mkato wa Kiingereza haufuati pumzi

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini msimamizi amezungushia wino mwekundu mikato ya ripoti yako ya field, na wewe ulifundishwa kuuweka pale msomaji anapovuta pumzi. Nasahihisha barua na ripoti za Kiingereza hapa Mtwara mjini, nyingi za korosho, na jambo hili nakutana nalo kila msimu. Kanuni ya pumzi iache. Kiingereza kinatazama muundo wa sentensi.

Kiswahili kinakubali "Mvua ilinyesha, wakulima hawakuanika korosho." Kwa Kiingereza, "It rained, the farmers did not dry the nuts" ni kosa. Sentensi mbili kamili haziungwi na mkato peke yake. Weka nukta, au ongeza kiunganishi: "It rained, so the farmers did not dry the nuts."

Lenye hatari zaidi ni hili. Soma "The farmers who dried their nuts well were paid", kisha "The farmers, who dried their nuts well, were paid." Ya kwanza inasema wamelipwa wale tu walioanika vizuri. Ya pili inasema wakulima wote walianika vizuri na wote wamelipwa. Sisi urejeshi, yaani maana ya "ambao", mara nyingi tunaubeba ndani ya kitenzi, "walioanika", kwa hiyo jicho halijazoea kutafuta mikato hiyo. Lakini kwenye taarifa ya malipo ya chama cha msingi cha ushirika, mikato miwili inaamua nani bado anadai! Ukifika kwenye who au which, jiulize: nikiyafuta maneno haya, bado itajulikana namsema nani? Ikijulikana, weka mikato, wa kufungua na wa kufunga. Watu wengi husahau wa kufunga.

Kishazi cha when, if au although kikitangulia, kifuatishe mkato. Kikija nyuma, mara nyingi hauhitajiki. Na kiima usikitenge na kitenzi chake, hata kiwe kirefu namna gani. Hapo ndipo pumzi inapowaponza wengi.

Kuhusu mkato kabla ya and ya mwisho kwenye orodha: Uingereza wengi huuacha, Marekani wengi huuweka. Usiudharau. Kule Maine, Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada iliorodhesha kazi zisizolipwa ziada bila mkato kabla ya "or distribution". Haikueleweka kama kusambaza ni kazi inayojitegemea au ni sehemu ya kufungasha. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai haki yao, mahakama ya rufaa ikaamua upande wao mwaka 2017, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Ndiyo maana kwenye hati yoyote ya fedha au mzigo nauweka, hata mteja akiniambia kwamba mtindo wa Uingereza hauutaki.