Usiseme ni uzee tu

Dada uliyeuliza kama mama kupotea akitoka sokoni Ngamiani ni uzee tu: hapana. Jina la jirani kumtoka kisha likamrudia, hilo la kawaida. Kupotea kwenye barabara alizozizoea miaka yote, hapo pana jambo.

Huenda ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Kwenye ugonjwa huo, protini ya amiloidi huanza kurundikana ubongoni miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili. Protini nyingine, tau, huvuruga seli, na huwahi sehemu za ndani zinazotunza kumbukumbu mpya na kutuonyesha njia. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukusimulia harusi yake mwanzo mwisho, lakini hajui kama amekula mchana. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha kusaidia kuyatambua mabadiliko hayo.

Ila usimhukumu mama bado. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, hata dawa anazomeza huleta usahaulifu, na hayo yanatibika. Mpeleke hospitali ya Bombo na dawa zake zote mfukoni, apimwe presha, sukari na masikio. Na tafadhali, atakayesema karogwa, usimsikilize.