Katoto ka mwaka na nusu, giza la mapema na wageni wa kila wikiendi: sisi tunavyoenda nalo

Mkuu nimesoma swali lako lote. Mtoto ana mwaka na nusu, mko nchi za baridi, majani yameanza kupukutika, giza linaingia mapema, kila wikiendi kuna mtu anataka kuja, mara wakwe mara washkaji wa chuo, na ikifika jioni mtoto analia mpaka wageni wanaaga wenyewe. Unauliza mfunge mlango mpaka joto lirudi au mvumilie tu. Wetu sasa hivi ana miaka miwili na ushee, hiyo njia tumeipita, na jibu langu ni fupi ingawa maelezo marefu: msifunge mlango, hamisheni saa. Watu waje asubuhi.

Nianze na hesabu maana watu wengi hawaipigi. Mtoto wa umri huo anatakiwa kulala saa 11 mpaka 14 kwa siku nzima, wa mchana ukiwemo. Toa hizo, toa kula, kuoga, kubadilisha pampasi, kuvaa viatu ambako peke yake ni safari, muda ambao kako macho, kameshiba na kana furaha unabaki kidogo sana. Halafu kwenye umri huo huo wengi ndo wanahama kutoka kulala mara mbili mchana kuja mara moja, yaani kuna kipindi cha katikati ambacho mara moja haitoshi na mara mbili ni nyingi, kwahiyo ikifika saa kumi jioni kamechoka hoi hata kama kanakimbia kimbia, tena hasa kama kanakimbia kimbia. Joto likiwepo huoni shida, unakatoa nje jioni kanapoa kwenye upepo, jua bado lipo. Msimu huu saa kumi na moja giza, mko ndani wote, taa zinawaka, watu wazima ndo kwanza wanachangamka wanacheka kwa sauti, na mtoto ndo chaji imeisha. Hapo hamna utundu wala kudekezwa, mnakutana tu saa mbovu.

Saa nzuri kwetu ilikuwa kuanzia tatu mpaka sita mchana. Watalalamika, jiandae. Marafiki wasio na watoto ndo wagumu kuliko ndugu, Jumamosi saa tatu kwao bado usiku wa manane. Sisi tukawa tunaandika kwenye grupu kwamba saa nne tunatoka na mtoto nje, anayetaka kutuona atukute huko, anayechelewa atatukuta tunarudi. Bila maelezo mengi, ukianza kujieleza sana mtu anaona kuna nafasi ya kubishana. Walioanza kuja wakagundua wanaipenda, maana sita na nusu wameshamaliza ziara na siku yao yote bado ipo.

Na nje msimu huu huhitaji kuandaa chochote, ndo uzuri wake. Rundo la majani makavu linamtosha mtoto saa nzima. Anapiga teke, anakaa, anaokota moja anampa mjomba, anamnyang'anya, anampa shangazi, anamnyang'anya na yeye, na kila mtu anatakiwa aseme asante kila mara la sivyo mchezo hauendelei. Mtu mzima ambaye ndani ya nyumba hajui afanye nini na mtoto, huko nje anajua. Na babu mwenye magoti mabovu na mtoto wa mwaka na nusu wana spidi moja, wote wanasimama kila hatua kuangalia kitu, sisi ndo tulikuwa tunawaharakisha bure. Siku hizi tunawaacha wawili nyuma tunatangulia kidogo, tunawaona lakini hatuwaingilii.

La kuangalia ni mdomo. Uyoga unaota sana wakati huu, usimwachie achume hata akiwa na mtu mzima, maana mtu mzima mwenyewe haujui. Na zile mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa, zinazotoka kwenye maganda ya miiba chini ya miti mikubwa, kuna aina zinafanana na zinazoliwa lakini zina sumu, na hata zisingekuwa na sumu saizi yake ndo ile ile ya kuziba koo. Acheze nazo ukiwa umekaa naye, zisiingie mfukoni kurudi nyumbani, maana utazikuta kitandani.

Nguo sitaongea sana, mvalishe tabaka tabaka uweze kupunguza, gusa shingo ya nyuma siyo vidole, vidole vya watoto ni vya baridi muda wote. Ila hili la gari nalisema kila mahali: koti nene la kuvimba livuliwe kabla ya kumfunga kwenye kiti chake. Gari likigonga, ule uvimbe wa koti unabonyea na mikanda inabaki imelegea, mtoto anaweza kuchomoka. Mfunge na sweta, halafu blanketi juu ya mikanda. Bibi atasema mnamwua mtoto kwa baridi, mwonyeshe tu: mfunge na koti, usiguse mikanda, mvue koti, mrudishe ufunge tena, aone nafasi iliyobaki. Mama yangu aliona mara moja akawa yeye ndo polisi wa koti kwa ukoo mzima.

Sasa mafua, maana umesema hayaishi. Hayataisha mkuu. Mtoto mdogo kupata mafua mara sita mpaka nane kwa mwaka ni kawaida kabisa, na mengi yanarundikana miezi hii, akiwa dei kea ndo zaidi. Unahisi ni ugonjwa mmoja usioisha kumbe ni mingine mingine inafuatana. Na ugomvi wa kila familia upo hapa, wazee wanasema amepigwa na upepo, punguzeni kumtoa nje. Virusi ndo vinaleta mafua, na vinapatikana kwa watu, na msimu huu watu wote wako ndani madirisha yamefungwa. Kwahiyo kukaa nje na wageni ni salama kuliko kujazana sebuleni, hiyo ni sababu nyingine ya asubuhi. Kwetu masharti yalikuwa mawili tu: mwenye mafua au anayeharisha asije, tutaonana wiki nyingine, na ukiingia unanawa mikono kabla hujambeba. Antibayotiki haisaidii kitu kwenye mafua, na dawa za kikohozi za kununua tu dukani hazishauriwi kwa umri huu, hata kama shangazi amekuja nayo kwenye mkoba. Maji ya chumvi ya puani, anywe vizuri, apumzike. Ila ukiona anapumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hataki kunywa, au pampasi inakaa kavu muda mrefu, hapo acha jukwaa nenda kwa daktari.

Nani anawaambia wageni hayo masharti? Hapa ndo ndoa nyingi zinapata nyufa. Kila mtu na watu wake. Mama yangu namwambia mimi, mama yake anamwambia yeye. Ujumbe ule ule ukitoka kwa mkwe ni dharau, ukitoka kwa mwanao ni usumbufu tu, atanuna kidogo halafu atasahau. Na usiseme "mke wangu amesema", hapo umemuuza mwenzio.

Kuhusu mama mkwe wako kuumia kwamba mtoto anamkataa, mwambie hiyo ni hatua ya ukuaji, mtoto wa umri huo anaogopa sura ambazo haoni kila siku, hata kama mwezi uliopita alikuwa anamcheka. Kinachoharibu ni mapokezi. Mtoto anafunguliwa mlango, anaona watu wanne wenye makoti meusi wanamsogelea mikono mbele wote wanaita jina lake, hata mimi ningelia. Sisi tuliwaomba bibi na babu wakifika wasimwangalie kabisa. Wavue viatu, wasalimiane na sisi, bibi akae chini kwenye zulia aanze kupanga vikombe vya plastiki peke yake kama vile hana habari. Mtoto atakaa nyuma ya mguu wako, atachungulia, atasogea, ataleta kikombe. Hapo bibi apokee kikombe tu, asimkamate! Hili lilikuwa gumu kwa mama mkwe wangu kuliko masharti mengine yote, mikono inamuwasha anataka kumkumbatia, lakini alivumilia na kabla ya kuondoka alishikwa kidole akaongozwa mpaka chumbani kuonyeshwa viatu. Na kwaheri iwe ya kupunga mkono, akitaka kubusu poa, asipotaka asilazimishwe.

Vitu vya wageni. Mkoba ukishawekwa chini mtoto ameshaufungua, na ndani ya mkoba wa mzee kuna vidonge vya presha, mara nyingi kwenye kile kiboksi cha siku za wiki ambacho kinafunguka kirahisi sana. Mikoba yote tunaipeleka juu ya kabati tangu mlangoni, bila kuomba radhi. Betri ndogo za duara, zile za rimoti ndogo, za mizani ya jikoni, za mapambo ya taa na za baadhi ya vifaa vya kusikia, ndo zinaniogopesha kuliko vyote, ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Ukihisi amemeza unaenda hospitali hapo hapo, husubiri kuona dalili. Na chai ya moto isikae kwenye meza fupi, wageni wanasahau kwamba mkono wa mtoto unafika.

Watoto wa marafiki, haraka haraka tu: wawili wa umri huo hawachezi pamoja, wanacheza karibu karibu, kila mtu na lake. Kugawana bado hawajui. Ficha ile toi moja anayoipenda kabla hawajafika, mtaokoa nusu ya vilio.

Na wasioweza kuja asubuhi, wapo, kuna watu wa shifti. Hao waje usiku mtoto ameshalala, wajue wanakuja kuwaona nyie siyo mtoto. Sisi tumekaa na washkaji mpaka usiku mnene kwa utulivu ambao mchana hatujawahi kuupata. Akija mtu anasema "basi mwamsheni kidogo tu nimwone", hapo ndo mnamjua asiye na watoto.

Bado kuna kubadilisha saa, na kama wakwe wanakuja mwisho wa Oktoba mtakutana nayo. Nchi nyingi za Ulaya saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mnafurahia saa moja ya ziada, mtoto hana habari hiyo, aliyekuwa anaamka saa kumi na mbili ataamka saa kumi na moja alfajiri akiwa freshi kabisa. Anzeni siku chache kabla, sogezeni kulala na kula mbele, yaani achelewe kwa dakika 10 mpaka 15 kila siku, chumba kiwe giza asubuhi, jioni taa zipungue. Haitakaa sawa siku hiyo hiyo, itachukua karibu wiki. Lakini kama bibi na babu watalala kwenu hiyo wiki basi mshukuru Mungu, wazee wengi saa kumi na moja wako macho wanangoja tu mtu wa kuongea naye. Mpeni bibi zamu ya alfajiri, mwandalie pampasi na nguo pale pale usiku, mlango wa chumba chenu ufungwe. Mke wangu aliniuliza kama si kumtumikisha mama wa watu, asubuhi yake tukamkuta mama wa watu ameshamvalisha gambuti wanasubiri kupambazuke watoke.

Ukipata nafasi rudi useme wakwe wamelipokeaje la saa nne.