Shangazi Anajibu: Tuweke Kufuli Kwenye Kizimba cha Taka?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi kwenye jengo la ghorofa. Kila alfajiri waokota taka hulitangulia gari, wanachana mifuko yetu na kuacha uchafu umetapakaa hadi getini. Wajumbe wenzangu wanataka tuweke kufuli kwenye kizimba na tuajiri mlinzi wa kuwatimua. Mimi roho inasita, ila sina hoja ya kuwapa. Nifanyeje?
Mwenyekiti asiyetaka ugomvi

JIBU: Marahaba, mwenyekiti. Niliwahi kukaa miaka mingi nyuma ya mizani nikipokea magunia ya waokotaji na kuyachambua kabla hayajapakiwa kwenda kiwandani, kwa hiyo usitegemee niwe refa asiye na upande.

Mifuko yenu inachanwa kwa sababu chupa, makopo na karatasi vimezikwa chini ya makombo na nepi. Mwokotaji hana mshahara, analipwa kwa kilo. Ana dakika chache kabla gari halijafika au mwenzake hajatokea, na fundo mlilolikaza halimpi nafasi ya ustaarabu. Angeikuta chupa pembeni, mfuko wa makombo angeugusa kwa lipi?

Dawa ni vyombo viwili. Kimoja cha taka mbichi, kingine cha vitu vikavu: plastiki, makopo, karatasi, maboksi. Nepi, pedi, nyembe na vioo vilivyovunjika vifungwe peke yake na vitiwe alama, maana vidole vilivyokatika pale kwenye mizani niliviona vya kutosha. Kisha watafuteni mmoja au wawili kati ya hao mnaowaona kila siku, mjue majina yao, mpatane saa ya kuja. Aliyepewa kona yake ataifagia mwenyewe kwa kuogopa kuipoteza, na wachanaji mifuko atawadhibiti kuliko mlinzi yeyote.

Hapo mjumbe mmoja atauliza: kwani kampuni ya gari haiwezi kuchambua yenyewe? Gari likishashindilia, karatasi imelowa mchuzi, kioo kimesagika humo humo, na kiwanda hakitaki. Kuchambua ni lazima kufanyike kabla, tena kwa mkono unaojua.

Na kujua kwenyewe si mchezo. Kuna mama mmoja aliyekuwa akiniletea mzigo, alikuwa anaminya chombo karibu na sikio, anasikiliza kinavyolia ajue ni plastiki gani, anakitupa kwenye gunia lake bila kukitazama mara ya pili. Mtu akimbishia, anakata kipande na kukitia kwenye ndoo ya maji. Plastiki ya chupa ya maji huzama. Ya kizibo chake huelea. Viwandani wanatumia ujanja huohuo: chupa zikishasagwa humwagwa kwenye matangi, vipande vya vizibo vikapanda juu. Makopo aliyapitishia sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu. Lisilonasa ni aluminiamu, na hilo ndilo lenye pesa, kwa sababu kuyeyusha aluminiamu iliyokwisha kutumika kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa upya kwenye madini yake. Mlinzi wenu na kirungu chake hana elimu hiyo.

Wasimulie wajumbe habari za Kairo. Huko Zabbaleen, jamii ya wakusanya taka wa jiji hilo, walikuwa wakipita mlango kwa mlango, na inakadiriwa walirejeleza kama asilimia 80 ya walichokusanya. Mwaka 2003 jiji likaleta kampuni za kigeni, mikataba yao ikizitaka zirejeleze asilimia 20 tu. Mapipa yakawekwa barabarani, magari makubwa yakashindwa kuingia vichochoroni, na wakazi waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni wakanung'unika. Kufuli lenu litaleta hayohayo, kwa kiwango cha jengo moja.

Huyo mwokotaji wenu mlipeni pia. Najua hili litawachoma, lakini si mlikuwa tayari kumlipa mlinzi? Bei ya vitu chakavu haitabiriki: mafuta ghafi, yanayotengenezewa plastiki, yakishuka bei, plastiki mpya inakuwa rahisi, na bei ya kilo kwenye mizani inafuata chini. Ada ndogo ya mwezi ndiyo itakayomfanya aje hata wiki ambayo chupa hazilipi. Pune, India, ndivyo wanavyofanya. Waokotaji waliunda chama chao mwaka 1993, na mwaka 2008 ushirika wao wa SWaCH ukaanza kazi kwa makubaliano na manispaa. Wengi wao ni wanawake. Wana vitambulisho, wanapita milangoni, kaya inalipa ada, na vitu vikavu wanauza wao wenyewe. Bogotá, waokotaji ilibidi waende mahakamani. Mahakama ya Katiba ya Kolombia iliwatetea mwaka 2003 na tena 2011, na mwaka 2013 jiji likaanza kuwalipa kwa uzito wanaopeleka. Kamati yenu haihitaji kushtakiwa kwanza.

SWALI: Shangazi, kijana mmoja anachoma nyaya nyuma ya ukuta wetu ili apate shaba. Moshi unatukaba. Nikimshtaki nitaonekana namwonea mnyonge.
Mama wa ukutani

JIBU: Anza na kumwambia. Maganda ya nyaya nyingi ni plastiki ya PVC yenye klorini, na ikiungua hivyo ovyo hutoa sumu ya dioksini ambayo wa kwanza kuivuta ni yeye. Ila kwa kijana mwenye njaa hoja ya mapafu huwa haiingii, mpe ya mizani. Shaba iliyochomwa hutoka nyeusi na hushushwa daraja. Iliyochunwa inang'aa na hulipwa zaidi. Abane kisu kikali kwenye ubao, makali yakitazama juu, avute waya juu yake, ganda litafunguka lenyewe. Zile nyembamba kama nyuzi hazichuniki kwa mkono, aziuze na maganda yake, wapo wanaozinunua hivyo wakazisaga kwa mashine. Akiendelea kuwasha baada ya hapo, nenda kwa afisa afya bila aibu, na umtajie saa anazochoma.