Mpole na mkali katika biashara moja: kabla hujavunja, soma yaliyonipata

Dada uliyeanzisha mjadala huu, pole kwanza. Nilisoma maelezo yako ndani ya matatu nikitoka mjini jana jioni, nikayasoma tena nyumbani, nikaona hili haliwezi kujibiwa kwa mstari mmoja.

Kwa mnaoingia sasa: dada huyu ana duka la nguo za watoto Eastleigh, Nairobi, pamoja na rafiki yake wa tangu shule. Yeye mpole, mwenzake mkali. Walienda semina ya wafanyabiashara, wakajaza karatasi ya maswali, na yule mwalimu akawaambia mpole ni flegmatiki, mkali ni koleriki, na damu zao haziendani. Sasa anauliza wagawane mali kabla ya Desemba au aendelee kuvumilia.

Wengi hapo juu mmemwambia akimbie, kwamba mtu mkali hafai kushirikiana naye. Mimi naona tofauti, maana katika biashara yetu mpole alikuwa mimi, na aliyeiharibu alikuwa mpole.

Tulikuwa watatu, ghorofa ya pili nyuma ya River Road, upande wa Nyamakima, kwenye yale majengo ambayo ukipanda ngazi unapishana na marobota ya vitambaa na mafundi wa mihuri. Tulichapa fulana, kofia na mabango ya kitambaa. Wenzangu nitawaita majina tuliyotaniana nayo. Spika, kwa sababu sauti yake ilifika juu yeye akiwa bado mlangoni kwa soja. Kazi yake ilikuwa kuleta oda, na hata ungemfungia chooni angetoka na oda. Rula alikuwa fundi wa skrini, ule wavu wa kupitishia wino kwenye kitambaa. Nembo ilikaa vidole vinne chini ya shingo ya fulana. Alipima kwa vidole, kisha akapima tena kwa rula, kila fulana, hata ikiwa ndiyo ya mia tatu mfululizo.

Wote wawili walikuwa wakali, lakini ukali haufanani. Spika alikuwa na ukali wa dakika tano. Akishabweka anakununulia chai na mandazi, na kesho ukimkumbusha anashangaa kwamba bado unakumbuka. Rula hakupaza sauti. Alinuna. Aliosha skwiji, kile kibao cha mpira cha kusukumia wino, kwa nguvu mpaka maji ya wino yakaruka ukutani, kisha hasemi neno mpaka Jumatano. Mimi nilishika pesa na daftari, na nilipendwa na kila mmoja. Spika akikasirika na Rula anakuja kwangu. Rula akikasirika na Spika anakuja kwangu. Nilijiona kama kiungo. Nilikuwa hata najisifu kwa mke wangu kwamba bila mimi wale wawili wangeshachinjana.

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti. Anayekumbuka mwezi ule katikati ya jiji anajua kwamba mtu yeyote mwenye skrini na ndoo ya wino alikuwa na kazi mpaka usiku. Spika akaleta mgombea mmoja wa uwakilishi wadi: fulana 400, nyekundu, maandishi meupe mbele na nyuma. Fulana mteja alikuwa ameshanunua mwenyewe. Malipo nusu yakaingia Jumatatu jioni, na Spika akaahidi kwamba Alhamisi asubuhi zitachukuliwa.

Rula alitoa fulana moja kwenye mfuko, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaivuta, akainusa. "Hii ni poliesta," akaniambia. "Itatapika."

Nieleze, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yalipo. Wino tuliotumia ni ule wa plastisoli, ambao haukauki kwa upepo, lazima uupitishe kwenye joto la nyuzi 160 hivi. Pamba haina shida na joto hilo. Poliesta ikipata joto rangi yake huachia na kupanda juu, ikaingia kwenye wino. Ubaya wake ni kwamba huioni papo hapo. Fulana inatoka kwenye mashine ikiwa nyeupe safi, unaikunja, unaiweka kwenye katoni, na saa kadhaa baadaye au hata kesho yake nyeupe imegeuka. Nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote. Dawa yake ipo: unatanguliza tabaka la wino wa kijivu wa kuzuia, unatumia nyeupe iliyotengenezwa kwa poliesta, unapunguza moto, na kabla ya yote unachapa mbili tatu ukazilaza siku moja uone. Rula alitaka hiyo siku moja, na pesa ya wino ule mwingine. "Mwambie mwenzako aombe mpaka Jumamosi."

Kwa nini asimwambie mwenyewe? Kwa sababu walikuwa wamenuniana tangu Ijumaa, habari ya kofia. Na kwa sababu nilikuwepo.

Spika akapiga simu. Nakumbuka nilikuwa dirishani, chini mkokoteni wa magunia ya viazi umeziba njia na madereva wanapiga honi. "Rula anasemaje?" akaniuliza. Nilijua nikisema Jumamosi atalipuka, atapanda juu, wataanza. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Amesema atajaribu."

Uongo mtupu, na hata sikuuhisi kuwa uongo, niliuhisi kama adabu. Kisha nikamgeukia Rula nikamwambia Spika ameshindwa kuongeza siku kwa mteja. Huo wa pili ndio ulioniumiza baadaye, kwa sababu Spika hakuwahi kuulizwa.

Tulichapa Jumanne na Jumatano mpaka usiku wa manane. Zilikuwa nzuri. Alhamisi zikaondoka kwa bodaboda tatu. Ijumaa saa tatu asubuhi mgombea akapanda ngazi mwenyewe na katoni moja, akaimwaga juu ya meza. Jina lake lilikuwa na rangi ya ufizi. Akauliza kama anawania udiwani au anauza sabuni ya watoto.

Tulinunua fulana 400 za pamba kwa shilingi 250 kila moja, laki moja kamili, tukachapa upya wikendi nzima bure. Jumapili usiku Spika na Rula wakaanza, na yalikuwa yale niliyoyakwepa mwaka mzima, sasa yakija na riba. Mmoja anasema fundi gani anasema atajaribu na hajui kitambaa, mwingine anasema mropokaji gani anauza siku asizonazo. Mimi katikati, "jamani tulieni, yameshapita." Ndipo Rula akanyamaza, akaniangalia. Akamuuliza Spika kwa sauti ya chini kabisa: "Wewe uliambiwa nitajaribu. Nani alikuambia?"

Sijawahi kutamani jengo liporomoke kama dakika ile.

Sasa turudi kwenye karatasi yenu ya semina. Majina hayo ni ya kale sana. Matabibu wa Ugiriki, kina Hippocrates na baada yake Galen, walifundisha kwamba mwili una vimiminika vinne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na kohozi. Kinachozidi ndicho kinachokupa tabia. Koleriki ni mtu wa nyongo. Flegmatiki, dada yangu, ni mtu wa kohozi, kwa hiyo umelipa ada ya semina ukaitwa kohozi, na usiwe na kinyongo. Hata Kiswahili chetu kina mabaki ya fikra kama hizo: damu zimepatana, huyu ana damu ya kunguni, mambo yametumbukia nyongo. Udaktari uliviacha vimiminika hivyo zamani, majina yakabaki kwenye semina. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alitoa kitabu mwaka 1921 akagawa watu kwa wanaoelekea nje na wanaoelekea ndani (huyo Jung alipita hapa Nairobi mwaka 1925, akitoka Mombasa kwa treni kwenda Mlima Elgon). Wanasaikolojia wa leo hawapendi sana kuwatia watu kwenye visanduku. Wanapima kila tabia kama ngazi, na wengi wetu tumesimama vidato vya katikati. Mimi ni mkimya kazini. Uliza majirani zangu wakati wa mpira.

Sisemi majina hayana faida. Yalinisaidia kujua lugha ya kila mmoja. "Ndiyo" ya Spika kwa mteja ilikuwa salamu, haikuwa ahadi. "Hapana" ya Rula haikuwa dharau, ilikuwa "nipe muda." Nami nilipokuwa nikisema "sawa" nilikuwa namaanisha "naomba haya yaishe." Lakini karatasi ilituambia tulivyo, haikutuambia nani ana haki ya kuamua nini, na fulana zile ziliharibika hapo. Angalia dereva na makanga. Mmoja anaweza kushinda kutwa hajaongea, mwingine kinywa hakifungwi. Wala hawahitaji kupendana. Makanga akigonga bodi gari linasimama, akigonga tena linaondoka, na dereva hageuki nyuma kubishana, wala makanga hashiki usukani.

Nasi tukafanya hivyo, kwa uchungu. Spika anaweza kuahidi bei, hawezi kuahidi siku. Siku inaandikwa na Rula kwenye daftari la oda, kwa mkono wake, na bila siku hiyo pesa ya mteja haipokelewi. Miezi miwili ya kwanza Spika alisema tunamfunga miguu, na kweli tulipoteza wateja wawili watatu. Mimi nikapigwa marufuku kubeba ujumbe. Mtu akinijia na "mwambie mwenzako", namwonyesha mlango wa chumba alimo. Na kwa kuwa walijua siwezi kubisha kwa mdomo, walinipa safu ya mwisho kwenye daftari, niandike kinachonitia wasiwasi kwa kila oda kabla ya chai ya saa nne. Rula anaisoma kwa sauti kwa sababu Spika hasomi kitu kisicho kwenye simu. Kuandika kuliniokoa. Kuna maneno ambayo koo langu linayakataa lakini kalamu inayapitisha.

Hapo juu kuna mmoja ameuliza huyo mkali ni kabila gani. Kaka, acha. Nairobi tuna ugonjwa wa kusoma tabia ya mtu kwenye jina lake la pili. Spika na Rula wanatoka kata moja.

Kwa hiyo dada, kabla ya kugawana nguo, nijibu maswali ambayo semina haikuuliza. Huyo rafiki yako akifoka, huwa anafoka kuhusu nini? Ukiniambia ni juu ya mzigo ulioagizwa bila yeye kujua, au mkopo uliompa mteja kimyakimya kwa sababu uliona haya kumkatalia, basi uko nilipokuwa dirishani. Na ile siku aliyokuuliza jambo ukajibu "sawa tu", ilikuwa sawa? Umeandika mwenyewe, mstari wa pili, kwamba umevumilia miaka mitatu. Yeye anajua kwamba unavumilia? Nahisi yeye anadhani mko vizuri.

Lakini kama anakutukana mbele ya wateja, au anachukua pesa kwenye tili ya M-Pesa bila kuandika, hapo hakuna koleriki wala nini, hiyo ni tabia mbaya na usiitafutie jina la Kigiriki. Ondoka, hata Desemba isikukute.

Spika alijitenga 2021, akafungua duka lake la mabango, bila ugomvi. Mimi na Rula tumebaki ghorofa ile ile. Kazi ya fulana Spika bado anatuletea. Jumamosi iliyopita alipanda ngazi akipiga kelele kama kawaida, begani ana mfuko mwekundu unaonekana kutoka mbali. Rula akasimamisha skwiji. Kabla Spika hajakaa nilishamuuliza ni pamba au poliesta.