Juisi "haina sukari iliyoongezwa", mbona sukari ya mzee imepanda?

Swali: Assalaam aleikum, daktari. Mzee wangu ana ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa tatu. Soda tuliacha. Badala yake namnunulia juisi ya boksi ya nusu lita, mbele imeandikwa haina sukari iliyoongezwa, na hulimaliza lote na chai ya asubuhi. Nanunua pia mkate wa brown, na mafuta ya kupikia yaliyoandikwa hayana kolesteroli. Vyote vina alama ya ubora, ile Q. Juzi kliniki walimpima baada ya kifungua kinywa wakakuta sukari ya damu imepanda hadi 15.2. Muuguzi akaniuliza, "Mama, kwani husomi unachonunua? Jukumu ni lako." Nimekutumia picha za pakiti. Wenye viwanda wamenidanganya, au kosa ni langu?
*Mama wa Bombo*

Jibu: Wa aleikum salaam, mama, na pole kwa kuuguza. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Dawa za mzee tuwaachie wa kliniki, mimi nisome pakiti.

Boksi la juisi halikusema uongo. Limejibu swali ambalo wewe hukuuliza. "Haina sukari iliyoongezwa" maana yake kiwandani hawakutia sukari, asali wala shira. Sukari iliyokuja na embe lenyewe haimo katika maneno hayo. "Haina sukari" ni dai jingine kabisa: kwa mwongozo wa Codex, ambao nchi nyingi huutumia kutunga viwango vyao vya chakula, kinywaji kinachodai hivyo hakitakiwi kuzidi gramu 0.5 za sukari katika mililita 100. Maneno mawili yanayofanana, na kati yake kuna umbali ambao mgonjwa wa kisukari anaulipia.

Sasa tuligeuze boksi. Kwenye picha yako ya pili, chini ya orodha ya viambato, kuna jedwali dogo: wanga gramu 11, na ndani ya hizo sukari gramu 10.5, kwa kila mililita 100. Soda ya kola ya kawaida huwa na karibu kiasi hichohicho. Boksi ni mililita 500, kwa hiyo zidisha mara tano: gramu 52.5. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Mzee anakunywa vijiko 13 kabla hajagusa mkate.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana zishuke hadi 25. Na katika hesabu hiyo juisi imo, pamoja na sukari ya mezani na asali. Chungwa zima linaliwa taratibu na nyuzi zake. Likishakamuliwa, sukari inapita tumboni mbio. Kliniki zenyewe zinajua: mgonjwa anayechoma insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho kwa sababu sukari imeshuka, huambiwa anywe nusu glasi ya juisi upesi. Ni juisi hiyohiyo unayompa mzee kama mbadala salama wa soda.

Kuna safu nyingine kwenye jedwali, ile ya "kwa mgao". Mgao wao ni mililita 200, na hapo sukari inasomeka gramu 21, namba ya kutuliza moyo. Lakini nani anafungua boksi la nusu lita, anakunywa 200, halafu analifunga? Safu ya mgao iache. Soma ya mililita 100 au gramu 100, kisha piga hesabu kwa kile kinachonyweka kweli nyumbani kwako.

Mkate hautucheleweshi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikianza. Wako unaanza na unga wa ngano mtupu, kisha maji, kisha sukari, na mbele kidogo rangi ya karameli. Ni mkate mweupe uliopakwa rangi. Unaoutaka ni ule ambao kiambato cha kwanza ni unga wa ngano nzima, na hata huo mzee aule kwa kipimo.

Mafuta ndiyo yanayoniudhi zaidi. Kolesteroli hutengenezwa na miili ya wanyama. Mafuta ya mmea hayajawahi kuwa nayo ya kutajika, ya kiwanda hiki wala cha jirani yake, kwa hiyo kuliandika hilo kwa herufi kubwa ni kama mwenye boda kujisifu kwamba pikipiki yake haili nyasi. Umenunua mafuta ya mawese, zao linalolimwa hata kwetu Uganda, huko Kalangala, na karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, aina ambayo ndiyo hasa hupandisha kolesteroli kwenye damu. Mwongozo wa Codex uliliona hili: chakula kikidai hakina kolesteroli, kinatakiwa pia kiwe na mafuta yaliyoshiba chini ya gramu 1.5 katika gramu 100. Mawese yana kama 50. Mafuta ya alizeti, yale yanayotoka pande za Lira, yana kama 11. Ukiweza, hamia huko, na bado upime kwa kijiko. Kama unanunua ya kupimiwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) dukani, hapo hata jedwali la kusoma hakuna.

Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, usiidharau. Inakuambia bidhaa imetimiza kiwango chake, ambalo si jambo dogo kwa soko letu. Ila sukari ya mezani nayo inaweza kuwa na Q. Vivyo hivyo ile herufi F kwenye mafuta na unga inasema vimeongezwa virutubisho, kwa mafuta ni vitamini A. Hakuna alama hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa wa kisukari.

Tuje kwa muuguzi. Ana haki nusu. Marekani, mwaka 2009, Coca-Cola ilishtakiwa kwa sababu ya kinywaji chake Vitaminwater, chupa yenye sukari gramu 33 hivi na maneno ya afya pande zote. Mawakili wake walijitetea kwamba hakuna mnunuzi mwenye akili timamu angedhani ni kinywaji cha afya. Mwaka 2010 jaji alikataa kuifuta kesi. Umeona utetezi huo? Mbele ya chupa wanakushawishi uamini, mahakamani wanasema ni kosa lako kuamini. Siwezi kumlaumu mama aliyesoma kilichoandikwa kwa herufi za kidole gumba, wakati ukweli umewekwa nyuma, kwa Kiingereza, kwa herufi za mchwa. Chile tangu 2016 wanalazimisha alama nyeusi yenye pembe nane mbele ya pakiti ikiwa sukari, chumvi, mafuta yaliyoshiba au kalori vimezidi. Huko naweza kumwambia mtu jukumu ni lake, maana ameonyeshwa.

Hapa kwetu bado kazi hiyo imebaki mikononi mwako, haki au si haki. Simu unayo: piga picha nyuma ya pakiti kabla ya kulipa, kuza, tafuta mstari wa sukari kwa 100. Kwa kinywaji cha mzee, kikizidi gramu 0.5, kirudishe rafuni. Na ukiona jedwali halipo kabisa, au namba hazioani na kilichomo, tunza pakiti, namba ya toleo na risiti, upeleke malalamiko UNBS.

Asubuhi mpe chai isiyo na sukari, na chungwa moja alimenye mwenyewe. Boksi moja la juisi liache kabatini kwa dharura ya sukari kushuka, kama anachoma insulini au anameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), na waulize wa kliniki ni wakati gani hasa alifungue.