Kabla hujafungua faili la mkoa: kwa wanaoanza kusoma utawala wa Wajapani huko Jeolla Kusini

Wiki tatu za kwanza za utafiti wangu zilikwenda na maji kwa sababu ya jina la mji. Nilikuwa nakusanya habari za Kōshū, makao makuu ya mkoa wa Jeolla Kusini, Korea, zama za Wajapani, na nikajaza daftari zima. Msimamizi wangu alisoma kurasa mbili, akacheka, akaniambia karibu nusu ya niliyoandika ni habari za Gongju, mji wa mkoa mwingine kabisa. Wajapani waliyasoma majina ya Korea kwa matamshi yao wenyewe, na kwa matamshi hayo Gwangju ya Jeolla Kusini (光州), Gwangju ya Gyeonggi (廣州), Gongju ya Chungcheong Kusini (公州) na Hwangju ya Hwanghae (黄州) zote zinakuwa Kōshū. Ukikimbilia herufi za Kikorea nako unakutana na mtego mwingine: Gyeongseong, jina la Seoul wakati wa ukoloni, linaandikwa sawasawa na Gyeongseong ya Hamgyong Kaskazini, kule karibu na mpaka.

Kwa hiyo wadogo zangu, siku ya kwanza nunueni daftari la majina tu. Safu ya kwanza herufi za Kichina, ya pili matamshi ya Kikorea, ya tatu matamshi ya Kijapani. Jeolla Kusini utaikuta kama Zenranan-dō, Mokpo kama Moppo, Jeju kama Saishū. Herufi za Kichina ndizo zitakazokuokoa. Mimi nilifika Korea na Kikorea cha miaka miwili nikidhani kinatosha, kumbe nyaraka zenyewe ni Kijapani cha kiofisi cha kabla ya vita, herufi za Kichina za mtindo wa zamani zimechanganywa na katakana, yaani herufi za silabi za Kijapani. Tafuta mwalimu wa hicho Kijapani mapema, hata kama kozi yako haikulazimishi.

Tarehe ni jambo dogo ukishalizoea: nyaraka huhesabu miaka kwa zama za wafalme wa Japani. Miaka ya Meiji jumlisha 1867, ya Taishō 1911, ya Shōwa 1925. Taishō 3 ni 1914. Angalia tu 1912 na 1926, maana kila mmoja una majina mawili ndani yake.

Sasa tuje kwenye utawala wenyewe. Kosa la wengi ni kuandika kwamba Wajapani ndio walioigawa Korea katika mikoa. Mikoa 13 ilikuwapo tangu 1896, na waliponyakua nchi mwaka 1910 waliirithi. Walichokivuruga ni ngazi za chini. Mwaka 1914 wilaya, yaani gun, zilipunguzwa kutoka 317 hadi 220, na kata zilizoitwa myeon, zilizozidi 4,300, zikabaki kama 2,500. Vijiji viliunganishwa, na mara nyingi jina jipya lilipatikana kwa kuchukua silabi moja huku na nyingine kule. Ukitafuta kijiji cha mwaka 1908 katika orodha ya 1920 unaweza kuapa kimezama baharini.

Mfano ninaoupenda ni kisiwa cha Amtae. Kabla ya 1914 kilikuwa katika wilaya ya Jido. Jido ikafutwa, Amtae ikaingia Muan. Leo ukiuliza utaambiwa ni Shinan, wilaya iliyokatwa kutoka Muan mwaka 1969. Kisiwa hakijasogea hata hatua moja, lakini mtafiti asiyejua hayo atafungua faili la wilaya isiyo yake na kuondoka akidhani hakuna kitu.

Halafu swali la nani alikuwa na nguvu. Mkuu wa mkoa alikuwa na ofisi, mihuri na idara zake, na mgeni huanza naye kwa sababu jina lake ndilo linaloonekana. Lakini mpaka 1919 polisi wa mkoani hawakuwa wake. Waliongozwa na kamanda wa kenpei, askari polisi wa jeshi, na mlolongo wao ulikwenda moja kwa moja Seoul. Ni baada ya maandamano ya Wakorea ya kudai uhuru ya Machi 1, 1919, ndipo Gavana Mkuu mpya, Saitō Makoto, aliposimamia kuondolewa kwa mfumo huo na polisi wakawekwa chini ya mkuu wa mkoa. Hata cheo chenyewe kilibadilika mwaka huo, kutoka chōkan kuwa chiji. Ukikuta barua ya 1915 ambamo mkuu wa mkoa analalamika kwa upole kuhusu jambo la usalama, usimwone dhaifu, kwani halikuwa lake kuliamuru.

Wakorea nao walikuwamo katika vyeo hivyo. Pak Chungyang, kwa mfano, alipewa Chungcheong Kusini mwaka 1910. Usiharakishe kuhitimisha lolote kutokana na jina la juu. Angalia aliyekaa chini yake kwenye idara ya mambo ya ndani alikuwa nani.

Mabaraza ya mkoa sitayachelewesha. Yalianza 1920 kama ya ushauri tu, na kuanzia 1933 yakapewa uwezo wa kuamua kwa kura, huku theluthi moja ya wajumbe wakiteuliwa na mkuu wa mkoa, ambaye ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti. Nilipoteza muhula mmoja nikisoma hotuba zao. Zinapendeza, basi.

Ningekuwa naanza upya ningeanzia kwa karani wa myeon. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na daftari la kodi, aliyehesabu kaya, aliyepeleka amri ya kulima pamba ya aina ya Kimarekani, iliyojaribiwa mara ya kwanza mwaka 1904 katika kisiwa cha Goha mbele ya Mokpo, na aliyehakikisha pamba hiyo inauzwa pale palipoamriwa. Huyu mara nyingi alikuwa Mkorea, kijana aliyesoma shule ya serikali, mwenye mshahara mdogo. Sisi tuliokulia Tanzania tuna haraka ya kumwita mkuu wake, myeonjang, jumbe. Nilifanya hivyo kwenye rasimu yangu. Ulinganisho huo si upuuzi, kwa maana wote wawili walikusanya kodi ya mgeni kwa uso wa mwenyeji, lakini myeonjang alikuwa na ofisi, makarani na bajeti, na tangu 1917 sheria yake mwenyewe. Jumbe wa zama za Mdachi hakuwa na kabati la mafaili.

Kabati hilo ndilo linalotulisha leo, na ndilo linalotudanganya. Kitabu cha takwimu cha kila mwaka cha Serikali Kuu ya Chōsen, jina la Korea kwa Kijapani, kina majedwali mazuri mno, na nambari nyingi zilianzia kwa karani huyo huyo aliyechoka. Mambo mawili yatazameni. Kwanza, mwaka 1936 walibadili namna ya kukadiria mavuno ya mpunga, hivyo ongezeko la ghafla si lazima liwe shambani. Pili, Jeju ilikuwa ndani ya Jeolla Kusini hadi 1946, na Gwangju ilitengwa na mkoa mwaka 1986. Niliwahi kulinganisha watu wa mkoa wa 1925, mwaka wa sensa ya kwanza, na wa sasa, nikaandika aya nzima kuhusu kupungua kwao. Nilikuwa nimesahau kisiwa na jiji.

Nyaraka nyingi unaweza kuzisoma ukiwa kitandani: gazeti rasmi la serikali la 1910 hadi 1945, na orodha za watumishi zenye jina na mshahara. Ukifika 1940 kuwa mwangalifu, maana sera ya kubadili majina ilianza Februari mwaka huo, na mtu mmoja anaweza kuonekana kama wawili: wa zamani ameacha kazi, mpya ameajiriwa na jina la Kijapani.

Ofisi haiandiki kilio cha anayetozwa. Hapo fungua magazeti ya Kikorea, Dong-A Ilbo na Chosun Ilbo, yote ya 1920. Kati ya 1910 na hapo ni karibu kimya, kwa kuwa utawala ulifunga karibu magazeti yote binafsi ya Wakorea. Humo ndimo nilimokutana na wapangaji wa mashamba wa Amtae, waliokataa mwaka 1923 kuendelea kumpa mwenye shamba sehemu saba au nane katika kumi za mavuno. Kiangazi cha 1924 mamia yao walipanda mashua hadi Mokpo, wakalala mbele ya mahakama bila kula, na mwishoni kodi hiyo ya shamba ikashushwa hadi sehemu nne.

Siku hizi huhitaji mashua. Daraja la Cheonsa lilifunguliwa Aprili 2019 na gari linafika kisiwani moja kwa moja. Nendeni, ila bebeni ramani ya kabla ya 1914, ile inayosema Jido.