Barua kwa mwanangu: koyote anakuona kabla hujaketi

Mwanangu Hamisi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili mama yako alikuja kuuliza ninacheka nini. Jumamosi nne mfululizo huko Nebraska ukiwinda koyote, hao ndugu wa mbweha wa huku Marekani, nguo za madoadoa kuanzia kofia hadi soksi, na ulichoambulia ni mkia mmoja ukipotelea korongoni! Sasa unauliza: "Baba, wewe unatembeaje hadi wasikuone?"

Nimefurahi umeuliza habari ya kutembea. Wenzako huniuliza bunduki gani. Hapa Garden City, Kansas, nimekosa koyote wengi kuliko niliowapata, na karibu wote niliwakosa kabla sijaketi, katika zile dakika kumi za kutoka garini hadi mahali pa kuvizia.

Mlango wa pikapu ukibamizwa alfajiri ya baridi husikika mbali sana. Koyote wa mashambani wanaujua mlio huo kama kuku anavyojua debe la mahindi, ila wao hukimbilia upande wa pili. Egesha nyuma ya mwinuko, taa ya ndani uwe umeizima tangu barabarani, kisha sukuma mlango kwa kiganja mpaka ushike. Funguo acha garini. Siku moja nilifanya yote hayo, halafu mkanda wa bunduki ukagonga chupa yangu ya chai. Koyote watatu walikuwa wamelala kwenye mabua ya ngano. Niliona migongo tu.

Halafu upepo, na hapa usikilize vizuri. Babu yako alipochunga mbuzi kule Manyoni alikuwa na kitambaa chenye majivu kiunoni. Mbweha walikuwa wakimwibia vitoto vya mbuzi, na kabla ya kuwanyatia alikikung'uta kile kitambaa kwa kidole, akatazama vumbi linaelekea wapi, ndipo akainua mguu. Koyote ni wa ukoo mmoja na mbweha wetu, ila yeye ni mkubwa zaidi, kilo 10 hadi 20, na pua ni ileile. Mimi majivu nayabeba kwenye kichupa cha dawa ya macho. Upepo ukupige usoni, au ukate ubavuni kuelekea mahali usipowategemea. Ukiwa kisogoni, rudi garini, tafuta shamba jingine. Najua inauma ukiwa umeendesha saa nzima.

Ukishaketi ukaanza kulia kama sungura aliyeumia ili kumvuta koyote, usimtegemee aje moja kwa moja. Atazunguka hadi upande upepo unakokwenda, mama yako mtu wa pwani angesema demani, ili akunuse kwanza. Kwa hiyo upande huo uache wazi mbele ya macho yako, umwone kabla hajaifikia harufu yako. Wewe uliniandikia kwamba kichaka kilikuwa "nyuma yangu upande wa upepo unakoelekea". Basi hapo ndipo ule mkia ulipotokea, siyo?

Hatua zenyewe: watu hutembea kwa mwendo wa saa ya ukutani, ta, ta, ta, na hakuna mnyama wa porini atembeaye hivyo. Piga tatu, simama. Piga tano, simama zaidi. Upepo ukivuma na kuchakarisha majani, songa, ukitulia, nawe tulia. Theluji ikiganda juu hulia kama mtu anayetafuna bisi, siku hizo fuata njia waliyokwisha kuikanyaga ng'ombe. Senyenge usiipande katikati ya nguzo, waya hulia hadi mwisho wa shamba. Lala, pita chini yake, bunduki ikiwa haina risasi. Na usikanyage mgongo wa kilima. Pita ubavuni, chini ya ukingo, maana kichwa cha mtu kikichomoza dhidi ya anga hakuna nguo itakayokificha.

Kuhusu nguo, umetumia pesa nyingi bure. Koyote huona vizuri bluu na njano, nyekundu na kijani humchanganyikia. Jinzi yako ya bluu uliyovaa chini ya koti hilo la bei inaonekana kuliko fulana ya rangi ya chungwa. Anachokamata zaidi ni kitu kinachosogea, hasa uso na mikono, kwa hiyo vaa glavu na ufunike uso. Kaa mbele ya kichaka, usijifiche nyuma yake, kwa sababu ukiwa nyuma itakubidi uchungulie. Kivuli kikiwepo kaa ndani yake, jua la asubuhi likiwa mgongoni. Bunduki iwe tayari magotini ikielekea unakomtazamia. Akija, usiigeuze mpaka kichwa chake kipite nyuma ya jani au nguzo. Pua ikikuwasha, vumilia. Mimi niliwahi kujikuna.

Dakika 20 zikiisha bila kitu, usiinuke kama mtu aliyemaliza ibada. Geuza shingo polepole utazame nyuma. Mara mbili nimemkuta ameketi huko ananitazama.

Jambo moja linanikosesha usingizi. Huo ufundi wote unakuficha hata kwa binadamu. Ukisikia sungura analia kwenye shamba ambalo hukupiga sauti wewe, usimnyatie, huenda ni mwindaji mwenzio, naye macho yake yako kwenye majani yanayotikisika. Msimu wa kulungu vaa hiyo rangi ya chungwa, nimeshakueleza haimsumbui koyote. Na mwenye shamba ajue umeingia, kila mara, hata kama alikuruhusu mwaka jana.

Mzee mwenye ng'ombe hapa kusini mwa mto Arkansas ananiulizia kila wiki, maana ndama wanakaribia kuzaliwa. Ukipata likizo mwezi wa pili njoo. Hiyo jinzi iache huko. Chupa ya chai nitabeba mimi, nimeishaivisha soksi.

Baba yako